Kiti cha Watu Wawili

Kirumba, Mwanza
2 Julai 1994

Ndugu Collins Okwach,
Fundi cherehani, Musoma.

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wakazi wote wa Kirumba ambao hawakunituma, natangaza kwako, kwa mkeo Roza, kwa ukoo wenu wa Shirati na kwa wale wateja wako wawili waliobaki, kwamba siku ya Jumanne, mbele ya macho yangu haya, kiti kimoja cha gurudumu kilipakwa rangi. Kilikuwa cha bluu. Sasa ni chekundu.

Najua utauliza gurudumu gani. Kaa chini.

Malori ya mtu mmoja wa Nairobi yaliingia hapa mwezi uliopita, yamebeba vyuma vya kila namna. Siku hizi za soko huria kila kitu kinaruhusiwa kuingia nchini, na huyu bwana aliona kwamba, baada ya sabuni, redio na baiskeli za Kichina, tulichopungukiwa ni kuzungushwa. Wakaanza kuunga vyuma kwenye uwanja ulio wazi karibu na kwangu. Watu wakabishana. Wako waliosema ni mtambo wa dhahabu. Mzee Mayala, jirani yangu, alisema ni chama kipya cha siasa, akauliza kadi zinatolewa wapi. Mimi peke yangu sikubishana, maana nilijua. Ni bembea, Collins! Gurudumu refu kupita minazi, la viti vya watu wawili wawili vinavyoning'inia. Ukifika juu unaliona ziwa lote, mpaka visiwa, na Mwanza inakuwa kitu kidogo kisicho na madeni.

Unanikumbuka kambini JKT nilivyokuwa nikikusimulia habari za gurudumu nililoliona Sabasaba, Dar, nikiwa mtoto, ukaniambia ninyamaze afande anakuja. Unaijua pia ile karatasi ya rangi niliyopewa uwanja wa ndege na rubani wa ndege ya minofu ya samaki, yenye picha za viwanja vya bembea vya Ulaya, pamoja na kile kigari kinachopanda reli kama kinakwenda mbinguni halafu kinabadili nia. Nimeibandika ukutani pale ambapo wenzangu wanabandika watakatifu. Sasa kimoja cha vitu hivyo kimenifuata mpaka mlangoni, na sina wa kupanda naye.

Maige, ninayepakia naye minofu, nilimlipia kabisa. Akauliza, "Linakwenda wapi?" Nikamwambia linazunguka. "Najua linazunguka. Linakwenda wapi?" Mpaka leo hajapanda. Mzee Mayala anasema mtu anayelipa ili atapike anaumwa. Wanakwaya nao wanaandaa karatasi ya kumpelekea katibu kata, wanataka gurudumu liondolewe kwa sababu jenereta lake linaimba kwa sauti kuliko besi. Wanazunguka nyumba hadi nyumba kutafuta sahihi. Walipofika kwangu niliwaambia nitakata mkono kwanza.

Na jambo baya ni hili: mtu mmoja mmoja hapandi. Kila kiti kinataka uzito wa watu wawili ndipo gurudumu liende sawa. Kwa hiyo mhudumu, kijana wa hapa hapa tunayemwita Ngosha, ananiwekea kiroba cha mchanga pembeni yangu. Nimepanda na kile kiroba mpaka watu wanatuamkia wote wawili.

Njoo, Collins. Mara moja tu. Sikuombi kitu kingine mpaka nife.

Ni mimi rafiki yako,
Mihayo Masalu


Musoma
9 Julai 1994

Mihayo, mtu wa ajabu,

Barua yako imefika. Nimeisoma mbele ya wateja wangu wawili. Sasa nina mteja mmoja, mwingine alicheka mpaka akasahau suruali aliyoileta.

Nijibu kitu kimoja. Mimi kila siku nazungusha gurudumu. La cherehani. Linazunguka, linaacha shati. Hilo lako likizunguka linaacha nini? Umekaa, umepanda, umeshuka, uko palepale ulipokuwa, ila huna hela. Hiyo kazi serikali inatufanyia bure tangu zamani.

Na usinitajie soko huria. Hapa Musoma sasa shati la kafa-ulaya linauzwa bei ndogo kuliko vifungo vyangu. Watu wanavaa Mzungu marehemu kutoka juu mpaka chini, halafu wananiletea mimi nipunguze mikono. Mimi nipande juu ya chuma cha Mkenya nikachekelee ziwa? Ziwa nimezaliwa ndani yake. Nalijua kwa chini, linatosha.

Lakini nitakuja Mwanza. Usifurahi. Mama yake Roza yuko kwa dada yake hapo Pasiansi. Amefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, na Roza anataka kwenda kumhudumia. Jicho moja limefungwa kitambaa, lile jingine linaona vivuli tu, zamu yake bado. Nitamsindikiza mke wangu mpaka stendi, yeye ataenda Pasiansi na mimi nitalala kwako. Unajua kwetu mambo ya mama mkwe hayana mchezo. Tangu nimuoe Roza sijala chumba kimoja na yule mama, sijamshika mkono, sijamtazama usoni. Nikisikia kikohozi chake nageuza njia. Yeye vilevile akiniona kwa mbali anaingia hata jikoni kwa watu. Tunaheshimiana sana kwa sababu hatujawahi kukutana.

Kwa hiyo niandalie mahali pa kulala na samaki mwenye nyama, si mapanki, ile mifupa inayobaki kiwandani. Gurudumu nitalitazama kutoka dirishani.

Collins Okwach


Kirumba
14 Julai 1994

Collins wangu,

Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili. Tunapanda Jumamosi tarehe 23, jioni, upepo ukishatulia. Usibishe, nimeshamwambia Ngosha. Kiti chekundu.

Najua unaogopa, ingawa hujasema. Nakupa siri yangu: tangu unapokanyaga kile kibao cha kupandia, fumba macho. Usitazame chini, usitazame watu. Nitakushika mkono. Gurudumu likisimama juu kabisa, hapo fumbua. Utaona kitu ambacho hutakisahau maishani.

Kuhusu mama mkwe, Pasiansi ni mbali, naye anauguza jicho. Ondoa shaka.

Mihayo


Musoma
26 Julai 1994

Bwana Mihayo Masalu,

Salamu hazipo.

Nakuandikia ili ujue kwa nini niliondoka Jumapili alfajiri bila kuaga. Nawe unajua, lakini nataka usome kwa mkono wangu.

Nilifanya ulivyosema. Nilikanyaga kibao nikafumba macho. Nikasikia Ngosha wako anapiga kelele, "Huyu mwembamba sana, huyu! Niletee mtu mzito!" Nikasikia na wewe, Mihayo, sauti yako kabisa, unamsifu, "Kweli wewe fundi, mizani kwanza!" Mtu akakaa pembeni yangu, kiti kikainama. Nikasema moyoni, Mihayo amenenepa. Chuma kikafungwa mbele ya tumbo. Nikanyoosha mkono, kwa kuwa uliniahidi mkono, nao ukashikwa. Nikasikia harufu ya dawa, nikadhani umejipaka ya mbu.

Tukapanda. Nilinyamaza kimya kama mwanamume. Tulipofika juu kabisa jenereta likakohoa likafa, na gurudumu likasimama. Basi nikafumbua macho kama ulivyoniagiza.

Ulisema nitaliona ziwa lote. Sikuliona ziwa.

Niliona kitambaa cheupe juu ya jicho la mama yake Roza. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake.

Hakuna mahali pa kukimbilia huko juu, Mihayo. Duniani mtu anageuza njia, anaingia jikoni. Kule juu kuna chuma tumboni na hewa pande zote. Nilivua koti nikajifunika kichwa. Yeye akajifunika kitenge. Tukakaa hivyo, kama magunia mawili, mji mzima ukitutazama. Nilisikia mtu chini anauliza kama ni maharusi. Mpaka wanaume walipokuja kulizungusha gurudumu kwa mikono, kiti kimoja kimoja, wakatushusha.

Sasa sikiliza matunda ya mchezo wako. Baba yangu mdogo amesema Roza asikanyage nyumba yangu mpaka jambo hili lisafishwe na wazee. Ndugu za Roza nao wanasema hakuna kusafisha wala nini mpaka daktari afungue kitambaa mwezi ujao. Jicho likiona, ilikuwa ajali. Jicho likikataa, basi ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na aliyevunja ni mimi. Roza hatarudi. Nyumba yangu yote imening'inia kwenye jicho la mama mkwe.

Ninapika mwenyewe. Usiniandikie.

C. Okwach


Kirumba
30 Julai 1994

Ndugu yangu Collins,

Umenikataza kuandika, na mimi sijui kufanya kitu kingine.

Sijitetei. Nakueleza tu nilikokuwa. Ngosha aliponiondoa kwako nilikasirika, halafu nikamsifu kwa mizani yake, akaniambia nipande kiti cha nyuma yenu na kiroba changu. Sikugeuka kumtazama mtu aliyekuja kukaa nawe. Nilikuwa natazama mizani. Huo ndio ugonjwa wangu: penye gurudumu sioni watu. Tuliposimama, nyinyi mko juu, mimi niko chini yenu kidogo, naziona nyayo zenu. Niliona viatu vya kike. Nikadhani ni mwanamke yeyote wa Kirumba. Nilikuita, "Collins! Unalionaje?" Hukujibu. Tulipokuwa tunapanda nilisikia sauti nyembamba inaita mama, nikadhani ni mtoto wa kiti cha jirani. Halafu nikakuona umejifunika koti, nikasema moyoni, hatimaye amegusika. Nilifurahi, Collins. Naona aibu kuliandika, lakini nilikaa pale na kiroba changu nikafurahi.

Tangu siku ile nimejaribu kila njia. Nilichukua sukari na mkate nikaenda Pasiansi kumwomba mama msamaha. Alipoambiwa ni mimi akapita mlango wa nyuma, akaingia kwenye banda la kuku. Roza akanieleza mlangoni kwamba rafiki wa mkwe ni mkwe. Sikujua kwamba na mimi nimeoa. Nikaacha sukari, nikarudi na mkate kwa kuchanganyikiwa.

Maige anasema niende kwa mganga, Mzee Mayala anasema niende kwa padri. Niliwauliza, "Nyote wawili, mnajua cha kufanya?" Wakasema hawajui, lakini si vizuri kukaa tu.

Nami nakaa tu.

Mihayo


Pasiansi, Mwanza
6 Agosti 1994

Shemeji Mihayo,

Nakuandikia kwa sababu mlangoni hatuwezi kuongea, mama anasikiliza kutoka jikoni.

Kwanza, acha kuleta vitu. Juzi ulimtuma Maige na kuku mzima. Mama haruhusiwi kuinama, na huyo kuku wako anapita miguuni pake tangu asubuhi.

Pili, usijitwishe yote. Mimi ndiye niliyempeleka pale. Alikuwa anakaa hapa siku nzima na kitambaa chake, upepo ukivuma kutoka Kirumba anasikia muziki wa lile gurudumu, anaitikia kwa mguu. Akaniomba nimpeleke akasikilize kwa karibu, basi. Nilijua Collins yuko upande ule, nikamweka mama mbali, nyuma ya wauza karanga. Nikageuka kununua karanga. Niliporudi, benchi tupu. Kumbe yule Ngosha alimwona mtu mzito amekaa bure, akamshika mkono, "Mama, njoo tusaidie mizani." Na mama yangu ukimwambia saidia, haulizi.

Tatu, Collins haniandikii. Huyo mume wangu mjinga anadhani nimekasirika. Mimi nimekwama. Nikirudi Musoma kabla jicho halijafunguliwa, ndugu zangu watasema nimemchagua mume kuliko macho ya mama. Nikikaa, kwake wanasema nimemkimbia. Kila nikienda mahali, nimekosea.

Nne, mama hasemi kitu juu ya siku ile. Nikimgusia anajifunika kitenge usoni na mabega yanatikisika. Sijui kama analia. Ila jana aliniuliza, "Lile gurudumu bado lipo? Litakuwepo mpaka lini?" Ameuliza tena leo asubuhi kabla hata ya chai. Mimi naona linamsumbua rohoni. Mtu akiuliza hivyo habari za kitu kilichomfedhehesha, anataka kiondoke machoni pake kabla hajafunguliwa macho. Nimekuambia tu.

Kitambaa kitatolewa tarehe 18.

Roza


Kirumba
10 Agosti 1994

Shemeji Roza,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, hasa pale mwisho.

Nimetoka sasa hivi kwa katibu kata kuhusu lile gurudumu. Alishangaa sana kuniona mimi, kati ya watu wote. Akaniuliza, "Hata wewe, Masalu?" Nikamwambia, hata mimi. Akaondoa miwani, akasema kama nimekuja mwenyewe kwa miguu yangu basi hakuna haja ya kungoja zaidi. Wanakwaya waliokuwa nje wamenipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi, na nisingependa tena.

Mwambie Mama atulie, auguze jicho lake. Lile jambo lake la gurudumu nimelishughulikia. Siku akifunguliwa kitambaa, atakuja na kuona mwenyewe.

Jana nilipanda kwa mara ya mwisho, na kiroba. Ngosha hakunitoza.

Shemeji yako,
Mihayo


Pasiansi
19 Agosti 1994

Kwako mwanangu Mihayo,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama yake Roza. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe ili uone kwamba naona. Mistari ikipanda juu usinicheke, kalamu ndiyo ninajifunza upya.

Jana daktari alifungua kitambaa. Kwanza niliona mwanga kama maziwa. Halafu nikaona vidole vyake. Halafu nikamwona Roza, nikamwambia umekonda. Jicho liko sawa kabisa. Nimetuma habari Shirati leo hii kwamba hakuna chira wala mjomba wake chira.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia Roza, kwa kuwa nikianza kulisema nacheka, na nilikatazwa kucheka kwa nguvu kwa ajili ya mshono.

Siku ile kijana yule wa mashine aliponikalisha sikujua niko na nani. Naona kivuli tu, kivuli chembamba, kinatetemeka. Kikanishika mkono. Tukaanza kupanda, kile kivuli kikaanza kulia, "Mama! Mama yangu nakufa! Mama wee!" Mimi nina watoto saba, mtu akiita mama naitika bila kujua. Nikamwambia, "Niko hapa, mwanangu. Tulia." Akasema, "Usiniache, mama." Nikasema, "Nikuache niende wapi huku juu?" Basi akatulia. Tulipanda vizuri kabisa, nimemshika, upepo unanipiga usoni. Tangu macho yaanze kuziba watu wananishika mkono mimi kama mtoto, kunipeleka chooni, kunipeleka kanisani. Siku ile mimi ndiye niliyemshika mtu. Nikasema, Mungu, kumbe bado nafaa.

Halafu jenereta likazima, akanyamaza, akafumbua macho, akajua, na mimi kwa kule kuruka kwake nikajua. Mwanangu, tukavaa magunia.

Usimwambie Collins kwamba nimekueleza. Ni mkwe wangu, namheshimu. Mwache aseme alinyamaza.

Ila nina hamu moja. Nilipanda nikiwa kipofu. Nilisikia ziwa, nilinusa ziwa, sikuliona. Umri wangu wote nimeliona kwa chini, nikichota maji na kuosha samaki. Nataka kuliona kutoka juu, kwa jicho hili jipya, kabla hawajanifunga lile jingine mwezi wa tisa. Nilikuwa namuuliza Roza kila siku kama gurudumu lipo, nikiogopa litaondoka kabla sijafunguliwa. Lakini Roza amenisomea barua yako kwamba jambo langu la gurudumu umelishughulikia, na kwamba nikifunguliwa nije nione mwenyewe. Nililia, nikakatazwa na kulia pia. Watu wote wananiletea kuku. Wewe peke yako ulijua ninachotaka.

Mungu akubariki. Nakuja Jumamosi ijayo, tarehe 27.

Mimi mama yako,
Rebeka


Musoma
22 Agosti 1994

Mihayo, ndugu yangu, mtu wa ajabu sana,

Nisamehe zile barua. Ukiona mtu anapika mwenyewe, usimhesabie maneno yake.

Jicho limeona! Baba mdogo alipopata habari aliita wazee jioni ileile. Wakajadili kama bunge. Wazee wa kwetu wakauliza swali moja tu: hicho chuma kikoje? Nikachora gurudumu chini kwa kijiti, na viti vyake. Mzee mmoja akatazama mchoro muda mrefu. Akasema, "Kiti cha mbele kinakimbia, cha nyuma kinafuata, lakini hakikifikii?" Nikamwambia, hakikifikii hata siku moja. "Hata wakizunguka mchana kutwa?" Hata mchana kutwa. Akasema, "Basi hicho chuma kina adabu kuliko nyinyi. Aliyeharibu ni yule aliyepanga watu kwa kilo. Mkwe akae chake na mama akae chake, hapo hakuna mwiko." Wakanywa uji wakaondoka. Hakuna mbuzi, hakuna chochote. Baba mdogo alisikitika kuhusu mbuzi.

Roza ameniandikia kwamba mama anataka kupanda tena akaone ziwa, na kwamba wewe umeshamtengenezea mambo mpaka kwa katibu kata. Nilikuwa nakucheka na karatasi yako ya rangi ukutani. Sikujua kwamba mtu anaweza kupenda chuma akawa na moyo namna hiyo.

Kwa hiyo tunakuja wote. Roza atakaa na mama kiti cha mbele. Mimi nitakaa cha nyuma, na wewe. Ndiyo, Mihayo. Nitapanda. Na safari hii sifumbi macho, nataka nilione hilo ziwa lako kabla sijakutukana tena. Mwambie Ngosha aweke kile kiroba chini kipumzike.

Nimekushonea shati. La kitambaa kipya, si la marehemu.

Ndugu yako,
Collins


Kirumba
24 Agosti 1994

Collins,

Nampa dereva wa basi barua hii aikimbize. Ya Mama Rebeka nimeanza mara nyingi, imenishinda. Naomba umsomee hii wewe ukifika Pasiansi, ukiwa nje ya mlango.

Roza aliniandikia kwamba Mama anauliza gurudumu litakuwepo mpaka lini. Nilielewa kwamba anataka liondoke. Nilikwenda kwa katibu kata nikaweka sahihi yangu chini ya sahihi za wanakwaya. Alikuwa amekalia karatasi yao tangu mwezi wa saba kwa kuwa alijua kuna mtu mmoja Kirumba anayelipenda. Nilidhani natoa kitu nilichokuwa nacho ili Roza arudi kwako. Ndivyo nilivyoshughulikia.

Nilikwenda stendi ya malori kuuliza gurudumu wamelipeleka wapi. Wanasema wako Shinyanga, wengine wanasema Nzega, wengine wanasema yule bwana amerudi kwao. Ngosha kaondoka nao. Kiroba waliniachia.

Njooni hivyohivyo Jumamosi. Nitapika samaki.

Uwanja wenyewe haukukaa wazi hata siku mbili. Wanauza mitumba.

Mihayo